Jina Langu Chini ya Picha ya Zaituni

Jambo hili sijamwambia mtu: ile picha ya bibi harusi iliyotundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, yenye jina langu chini, aliichora rafiki yangu Zaituni.

Naandika kwenye daftari letu la darasa, asome kila atakayepitishiwa. Siamini bado. Malaria, siku nne tu. Alhamisi nilitoka shule nikakuta wameshamzika, viatu vya wageni vimejaa mlangoni kwa baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo.

Zaituni hakupata nafasi ya sekondari. Alibaki dukani kwa baba yake akiwachorea wateja mitindo ya nguo kwa feutre, zile kalamu za rangi za wino.

Alinifundisha kuchagua rangi. "Usiamini kifuniko, kinadanganya. Jaribu kwanza." Alijaribu kwenye mabaki ya karatasi za kukatia nguo, akangoja zikauke.

Mimi nilianza na rangi nzito. Akanicheka: "Wewe msomi iko na haraka. Nyepesi kwanza, nzito ifuate ingali mbichi, halafu nyepesi tena pale zinapokutana." Waridi, nyekundu, damu ya mzee; huoni moja imeishia wapi. Njano na zambarau alizitenga. "Hawa wakilala pamoja wanazaa matope."

Picha niliiazima niitazame tu. Mwalimu akaiona kwenye dawati. "C'est toi?" akauliza, kama ni mimi niliyeichora. Mimi ambaye hata kujibu "présente" majina yakiitwa kunanishinda, nikaitikia kwa kichwa.

Huo ulikuwa woga. Lakini insha ya Kifaransa niliyoandika kuieleza picha kana kwamba ni yangu, nikapewa kumi na nane kwa ishirini, haikuwa woga.

Siku ya wazazi Zaituni alikuja. Mmoja wenu akanong'ona, "Huyu wa dukani anatafuta nini hapa?" Mkacheka. Nami nikacheka.

Zaituni akalisoma jina langu chini ya picha. "Limekaa vizuri na ile bluu," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikumwomba msamaha. Nilisema wiki ijayo, halafu wiki ijayo.

Zaituni, Jumatatu nitakwenda ofisini walifute jina langu, waandike lako. Nitaadhibiwa, na wewe hutajua. Hilo ndilo linalonichoma.

Nasikia hatua za Mama barazani. Kila mgeni anayekuja, Mama humwambia kuwa mimi mwanawe ni msanii. Jioni yote akipita naufunika ukurasa huu kwa kiwiko. Sasa nimeondoa mkono. Aingie, asome.

Ameshika kitasa. Lala salama, dada yangu. Mimi nabaki macho.