Nyuzi za Maharage Ukutani

Juzi mtoto wangu alirudi kutoka shule na agizo: kesho kila mwanafunzi alete kopo lenye udongo wa nyumbani kwao, watapanda maharage. Alikuwa na furaha tele, akaanza kupekua makopo. Mimi nilisimama na mwiko mkononi hadi bukari, ugali wetu, ikaungua. Unanijua, si mtu wa kushtuka ovyo. Lakini agizo hilohilo niliwahi kupewa nikiwa na umri wake, hapahapa Lubumbashi, na hadi leo sijalisamehe.

Nilikuwa naishi na bibi yangu, niliyemwita Kambo, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli. Mbele yetu ilipita barabara ya malori ya mpakani Kasumbalesa. Kambo aliyaogopa malori kuliko shetani, kwa hiyo nikishafika kutoka shule, geti lilifungwa kwa kufuli na ufunguo ukaingia kifuani mwake. Nyuma yetu watu fulani walikuwa wamefungua dipo, yaani bohari, ya mawe ya shaba, wakajenga ukuta mrefu mpaka jua likawa linatufikia saa chache tu. Humo nilikulia kama kuku aliyefunikwa tenga. Mchana kutwa nilisikia mashine zikiosha mawe ng'ambo ya ukuta, na mvua ikinyesha, maji yao ya kuoshea yalipenya chini ya ukuta na kuingia kwetu.

Pa kupumulia palikuwa mahali pamoja tu, bustani ya Kambo. Mchicha tunaouita lengalenga, matembele na vitunguu vyake vilijaza ua wote, na jioni harufu ya lengalenga yenye karanga ilipanda kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, hadi mate yakanijaa. Mboga za karibu na ukuta zilikuwa zimeanza kudumaa. Kambo alizidisha majivu na mbolea, akawatukana wauza mbegu wa sokoni. Udongo wenyewe hakuushuku hata mara moja. "Udongo haidanganyi muntu," alikuwa akisema, na mimi nilimwamini.

Mwalimu wetu hakuwa na maabara wala vitabu vya kutosha. Kujumlisha alitufundisha kwa vifuniko vya chupa, na unene wa mti tuliupima kwa kamba, tukiukumbatia kwa zamu huku tukicheka. Siku ya maharage alitugawia mbegu kutoka mfuko mmoja, na makopo ya nyanya ya aina moja ya kuhamishia udongo tuliotoka nao nyumbani, na kila kopo likapewa maji kwa kifuniko kilekile. Kila Jumatatu ulikata uzi wenye urefu wa haragwe lako na kuubandika ukutani. Ukitaka kukadiria kwa macho, alikupigia kelele: "Musikisie! Mupime!"

Nyuzi za wenzangu zilirefuka wiki hadi wiki, ungedhani mtu anajenga ngazi. Wangu ulikuwa mfupi kama kidole, na haragwe lenyewe likawa la manjano, majani yamejikunja. Walinitania kwamba nakunywa maji yake. Nililia, kwa kweli, maana nilijua nimelitunza.

Mwalimu hakucheka. Alinipa mbegu nyingine kutoka mfuko uleule, akamwomba jirani yangu wa dawati, aliyekaa upande mwingine wa mji, alete udongo wa kwao, nikapanda humo. Mwalimu mwenyewe akapanda mbegu katika udongo wetu. Langu likaota likanenepa. Lake likawa la manjano. Tukayaweka makopo mawili mezani, akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Kosa haiko ya mbegu. Haiko ya mukono yako. Iko ya udongo."

Ningepaswa kufurahi. Nilikuwa nimegundua jambo la kweli kwa mikono yangu. Badala yake niliikumbuka sahani ya lengalenga ya kila usiku. Nilirudi nyumbani, geti likafungwa nyuma yangu, na nikakaa mbele ya Kambo nikila lengalenga. Nikisema, namvunjia bustani yake. Nikinyamaza, tunaendelea kula. Nikafikiri hata pa kukimbilia hapakuwepo.

Mwalimu ndiye aliyekuja, Jumapili baada ya misa, na makopo yake mawili. Kambo alimpa kiti kizuri. Akamsikiliza mpaka mwisho, akayashika makopo, akalinusa moja kisha la pili.

"Mama, mboga inakunywa kila kintu kiko mu udongo," mwalimu alisema. "Tafazali, musikule tena. Na huyu mutoto musimupe."

"Minasikia, Maître," Kambo alijibu. Akautazama ukuta, akalitazama geti. "Sasa ntalima wapi?"

Yule mwalimu aliyekuwa na jibu la kila kitu aliweka kikombe chini, akayakusanya makopo yake. Aliondoka bila kumaliza chai yake.

Kambo aling'oa kila kitu kwa mikono yake, akakaa kwenye kizingiti akiutazama ua mtupu. Tangu siku hiyo sijaonja tena lengalenga ya bustani ile, na sijawahi kula kama nilivyokula zamani, kwa njaa tu na bila wazo kichwani. Hicho ndicho ninachokililia.

Maana kesho yake tulikwenda sokoni. Kambo alichagua fungu la lengalenga, majani mapana, mazuri. Nikamuuliza mama aliyeuza analima wapi. Mama yule akainamisha macho, akaanza kupanga mafungu yake upya. Kambo alinibana mkono mpaka nikaumia.

"Acha, mwanangu," alisema. "Usimuulize. Tutakula nini?"