Nesi Usichungulie

Wifi yangu ni nesi wa chumba cha dharura, na kituo kizima kinamwita Usichungulie. Ukiingia unavuja damu puani, anakukalisha, anakuinamisha mbele, anakubana pua pale penye nyama laini, kisha anatazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano bila kuachia. Sasa watu hatuna subira. Zikipita mbili tu, mtu anataka kuona kama damu imekata. Ukichungulia, anaanza kuhesabu upya. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alianzishwa upya mara nne mpaka machozi yakamlengalenga.

Mama yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake hauna likizo. Miaka sita tangu kaka aoe, bado anamwita wifi "nesi", utadhani alikuja kwetu kutudunga sindano akasahau kuondoka.

Jumanne moja asubuhi nilimleta mama kituoni, kitambaa kimelowa damu na uso ameuelekeza darini. Mimi, mjuaji, ndiye niliyemwinua kichwa.

"Nani kamweka hivi? Damu yote si inamwingia tumboni!" wifi akasema.

"Mimi."

"Ndiyo maana hukupewa sindano."

Akamwinamisha, akambana pua, akamwekea beseni ateme.

"Nesi, hebu achia kidogo nione," mama akasema kwa sauti ya bata.

"Usichungulie, mama."

"Mimi ni mama mkwe wako!" mama akasema, akijichomoa achungulie.

"Ndiyo, mama. Naanza upya."

Basi nikashuhudia nisichotegemea kukiona maishani: mama yangu amenyamaza dakika kumi na tano. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Wifi alipoachia, damu ikaendelea kutoka. Kicheko kikanikauka.

"Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna." Nami nikaapa kwamba hakuna, maana tunaishi nyumba moja.

Wifi akambana tena, akamshika mkono. "Usiseme kitu. Nikiitaja, nifinye. Ya sukari? Ya presha? Ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande?"

Vidole vya mama vikakaza.

Kwa kufinya hivyo hivyo tukajua yote: mwaka mzima alikuwa anaificha kwenye kopo la vifungo! Nilipandwa na hasira, halafu nikaona aibu, maana ni mimi niliyewahi kumwambia kwamba siku akiugua cherehani tunaiuza.

Wifi hakumgombeza. Akaita daktari, mama akapimwa presha na kutolewa damu ya maabara. Daktari akaonya kwamba dawa asiiache mwenyewe. Majibu ndiyo yataonyesha kama ipunguzwe. Wifi akaingiza puani pamba yenye dawa ya kubana mishipa, akashika tena.

"Kumi na tano nyingine, mama."

Mama, aliyekatazwa kusema, akaanza kukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, juu, chini, juu, chini. Nilidhani baridi. Wifi akaelewa papo hapo.

"Utashona, mama. Hakuna atakayegusa cherehani yako. Ila kila mwezi utakuja nikupime, na kopo libaki na vifungo tu."

Mguu ukatulia. Saa ikafika.

"Zimekwisha, mama, na damu imekata. Naachia."

"Una haraka gani?" mama akajibu, bado kwa ile sauti ya bata. "Ongeza mbili, mwanangu. Na usichungulie."