Kiriba Kisicho na Maziwa

Walisema sitaweza. Ami yangu, anayeuza tairi Ruwi, alisema mtu mzima hali kwa kupuliza mfuko. Jirani yetu wa Darsait, fundi cherehani, alisema kinubi cha Uskoti kitapasuka Maskati kabla sijakitoa kwenye kasha lake, kwa sababu hapa nje ni tanuri na ndani ni friji. Mke wa ami, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, aliuliza swali moja tu mbele ya watu: "Sasa huyu akienda kuposa, tutasema anafanya kazi gani?"

Leo napiga kinubi na zumari ya mfuko katika sherehe za mji huu, tangu joto linapopungua mpaka linaporudi, na simjui Mswahili mwingine wa Maskati anayeziweza zote mbili. Kama yupo, ajitokeze tupambane. Diploma yangu ya muziki imetundikwa sebuleni, katika fremu niliyoinunua mwenyewe. Niliisomea miaka mitatu kwa kuosha vyombo katika jiko la hoteli huko Uskoti. Hakuna serikali iliyonilipia, wala hakuna mzee aliyeuza shamba. Vidole hivi vilikuwa ndani ya maji ya moto alfajiri, na saa nne vilikuwa juu ya nyuzi.

Tatizo ni kwamba ala nilizojifunzia zilikuwa mali ya chuo. Nilirudi nyumbani na cheti, sina cha kupiga. Nikakopa. Ami alinipa za kununulia zumari, akanung'unika mpaka mlangoni. Fundi cherehani alitoa akiba yake kwa ajili ya gharama ya kusafirisha kinubi, huku akirudia kwamba kitapasuka. Bado bei ya kinubi chenyewe.

Nilikwenda kwa khalati yangu, dada yake mama, kunywa chai tu. Nilipomaliza kueleza alivua bangili zake sita za dhahabu, moja moja, akaziweka kwenye sinia kando ya vikombe.

"Mpelekee sonara wa Matrah, aziweke rehani. Asije akaziyeyusha. Mwambie nna arusi ya mwanangu mwezi wa pili, na mimi siendi arusini mikono mitupu."

"Na nikishindwa, khalati?"

"Ukishindwa ntaificha mikono ndani ya abaya, na kila mwanamke wa Maskati atajua kwa nini. Basi usishindwe. Kunywa chai, inapoa."

Yule ni mwanamke ambaye sijapata kumwona bila bangili zile. Tukiwa wadogo tulijua yuko chumba gani kwa mlio wa bangili hizo. Nilishuka ngazi nimezifunga kwenye leso, na nyumba nyuma yangu ilikuwa kimya.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika maonyesho ya majira ya baridi, kwenye bustani moja ya Hail. Bibi mwandalizi, mtu wa Unguja kama sisi, alinipigia simu.

"Wewe ndiye mwenye girba?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Njoo nayo alasiri, na uje msafi. Watakuja watu wakubwa."

Hapa lazima nieleze. Zumari ya mfuko Waomani huiita girba, na girba ni jina lile lile la mfuko wa ngozi wa kuwekea maji au kusukia maziwa. Sisi kwa Kiswahili tunasema kiriba. Mimi nilisikia muziki. Yeye alisikia maziwa.

Nilifika na kanzu iliyopigwa pasi, kofia yangu ya kudarizi, na zumari kwenye sanduku. Sivai sketi ya Waskoti. Ufundi wangu unatosha. Nikaelekezwa kwenye kona ya mambo ya kale, katikati ya mwanamke anayechoma mikate myembamba na mzee anayesuka ukili. Mbele ya kiti changu palikuwa na meza iliyojaa bilauri tupu. Watoto walikuwa wameshapanga foleni.

"Laban iko wapi?" bibi mwandalizi aliniuliza.

"Laban gani?"

"Ya kwenye kiriba. Si umekuja kutusukia maziwa?"

"Bibi, humu hamna kitu ila pumzi yangu."

Mwanamke wa mikate alicheka mpaka akaunguza mkate. "Njooni muone! Katuletea kiriba cha upepo!"

Nilikasirika, sikatai. Mtu mwenye diploma, ninasimama mbele ya bilauri kama muuza sharubati aliyeishiwa! Nikaubana mfuko kwapani, nikaegemeza mabomba matatu begani, nikapuliza. Yale mabomba hutangulia na mngurumo mmoja mzito, kisha zumari ya vidole hupanda juu yake. Mzee wa ukili aliangusha kazi yake. Mtoto mmoja alilia. Mwanamke wa mikate alijiziba masikio, halafu akayafungua, halafu akaanza kupiga makofi kwa mikono yenye unga.

"Haya, tembea nayo huko," bibi mwandalizi alisema, akijitahidi asicheke, "lakini niachie meza yangu."

Nikatembea. Niliizunguka bustani mara mbili, na watoto wakanifuata na bilauri zao, wakizigonga kwa vijiko. Tangu siku ile nikaitwa bwana wa kiriba kisicho na maziwa. Sikulipenda jina hilo, lakini simu ilianza kulia.

Majira yale nilipiga kila mahali. Nilipiga zumari kwenye karamu ya Waskoti wanaofanya kazi hapa, na mmoja wao, mpigaji wa miaka mingi, nilimwambia bomba lake moja limeshuka sauti. Akalisikiliza, akalisogeza, akanipa mkono. Mwezi wa Desemba nilipiga kinubi katika hoteli, wageni wakinywa chai. Fundi cherehani hakukosea kabisa: siku ya kwanza nilikitoa kinubi kwenye gari nikakiingiza moja kwa moja kwenye baridi ya ukumbi, na nyuzi mbili zikakatika, moja ikanichapa shavuni. Nilipomsimulia alinicheka sana, kisha akakaa kwenye cherehani yake, akakishonea kinubi koti nene lenye pamba ndani. Koti lile lina mifuko miwili. Nilimuuliza mifuko ni ya nini, akasema koti lisilo na mfuko si koti. Nami nikajifunza kufika mapema na kukifungua kidogo kidogo, kizoee. Hakijapasuka mpaka leo.

Ami na fundi niliwawekea chao kando kutokana na kazi hizo. Zilibaki bangili, na kwa hizo nilitegemea kazi kubwa ya mwisho, tamasha la mtaa la siku tatu mfululizo, kiasi cha wiki mbili kabla ya arusi.

Ikanyesha. Anayejua Maskati anajua mvua ya hapa ikishuka haina adabu. Wadi, yale mabonde makavu ya hapa, zikajaa maji, barabara zikafungwa, viti vya tamasha vikaelea uwanjani. Waandaaji wakaliahirisha hadi mwaka mwingine. Nilimpigia khalati.

"Nishaiona mvua, mwanangu," alisema kabla sijafungua mdomo. "Abaya yangu mpya ina mikono mirefu. Nimeipenda."

Angenitukana ningelala. Khalati yangu hapendi mikono mirefu. Hupika, hufua na hugombana akiwa ameikunja mpaka kwenye viwiko.

Siku mbili baadaye akanipigia yule bibi wa Hail. Binti ya dada yake alikuwa anaolewa, na mpigaji waliyemkodi amekwama ng'ambo ya wadi.

"Safari hii nataka kinubi. Umenisikia? Kinubi. Kina nyuzi. Usije na mfuko wako."

"Lakini bibi, ni ukumbi wa wanawake."

"Utakaa nyuma ya pazia, na uingilie mlango wa jikoni. Mtu akikuona nitasema ni fundi wa umeme."

Nikakaa nyuma ya pazia, mgongo wangu ukigusa masanduku ya soda. Nilipiga nyimbo mbili za Uskoti, laini, kwa ustadi wangu wote. Upande wa pili sauti moja ikasema:

"Hiyo ni simu imechomekwa kwenye spika."

"Mtu huyo, shoga. Naviona viatu."

"Viatu hata mimi naweza kuviweka. Kama mtu, afuate tunachoimba!"

Wakaanza wimbo wa kumtoa bibi arusi, ule ambao mama zetu waliuleta kutoka Unguja. Nilikuwa nikiusikia jikoni kwetu tangu sijui kusoma. Lakini ndani yake kuna sauti moja inayokaa katikati ya nyuzi mbili za kinubi changu, na pale chuoni hakuna mwalimu aliyenifundisha pa kuipata. Wakaanza ubeti wa kwanza bila mimi. Nikachukua ufunguo wa kukazia nyuzi, nikaulegeza uzi mmoja kidogo, nikausikiliza kwa sikio nililolibana kwenye mbao, nikaulegeza tena. Ubeti wa pili nikaingia pamoja nao. Ilipofika sauti ile, uzi ukaisema kama wanavyoisema wao.

Vigelegele vile sijawahi kuvipata popote, wala sitaki kujifanya sikutokwa na machozi. Bibi wa Hail alikuja nyuma ya pazia na bahasha. "Shika," alisema. "Na lile jina nitawaambia waache kukuita." Hakuwaambia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Matrah na bahasha ile, iliyotosha rehani, kabla sonara hajafungua. Bangili zilikuwa zile zile, sita, hazijaguswa. Kutoka pale nikaenda Ruwi. Ami alizitia pesa zake mfukoni bila kuzihesabu, jambo nisilopata kumwona akilifanya.

"Kwa hiyo upepo unalipa," alisema.

"Hata tairi ni upepo, ami."

Akanifukuza dukani huku anacheka. Fundi cherehani alichukua zake, akaniuliza koti la kinubi linaendeleaje, akataka kuliongezea vifungo.

Kwa khalati nilifika adhuhuri. Alikuwa anamenya vitunguu. Nilipofungua leso aliweka kisu chini. Alinawa mikono, akainyoosha. Bangili ya kwanza ikakwama kwenye kiganja.

"Umenenepa, khalati."

"Nimenenepa kwa wasiwasi wako. Lete sabuni."

Nikaleta sabuni. Tukasimama kwenye sinki, povu mpaka kwenye viwiko, mimi nikisukuma na yeye akinitukana kwa mapenzi, ya kwanza ikapita, na ya pili, mpaka ya sita. Kisha akaikung'uta mikono yake juu ya sinki, mara moja, kwa nguvu, na nyumba nzima ikasikia.