Kutafuta Wimbo Usio na Dramu

Shule niliiacha darasa la pili, na sioni aibu kusema. Mashine ya kukoboa mpunga iliyoko nyuma ya soko ni yangu, na sikurithi kwa mtu. Kwa hiyo mjukuu wangu aliporudi kutoka kanisani analia, nilimuuliza kama ninavyouliza pale mashineni: "Kimeharibika nini?"

Mpiga dramu wa kwaya anahamia Mwanza, na binti huyu ndiye aliyekuwa akijifunza kwake. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza kidogo tu, akamsimamisha. "Wewe hupigi," akamwambia, "unamfuata yule aliyepiga kwenye simu. Akinyamaza, umekwisha." Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa kijana wa kanisa jingine, na huyo anajua, nimemsikia mwenyewe.

Sikumbembeleza. Nilimwambia mwalimu kasema kweli. Kila siku nilikuwa namsikia uani akipiga ndoo na madebe, simu kaining'iniza kwenye kamba ya nguo, na dramu ya kwenye simu ikinyamaza, naye kimya.

"Basi bibi, natafuta nyimbo zisizo na dramu."

"Ziko wapi?"

"Mtandaoni zipo, ila za Wazungu. Sijui zinaanzia wapi wala zinaishia wapi."

Tukaenda stendi kwa kijana anayerushia watu nyimbo kwenye simu. Akasema ana programu ya kuondoa dramu kwenye wimbo wowote. Akaondoa. Sauti zikatoka kama za watu waliotumbukia kwenye simtanki, na chini yake dramu bado ipo, kwa mbali, kama jirani anayegonga ukuta. Kijana alijitahidi, simlaumu. Lakini mjukuu wangu ana masikio makali. Kile kidogo kilichobaki ndicho alichokifuata.

Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu wa Igalula, mpiga ngoma wa kikundi cha kulima. Kule watu wakialikwa kulima shamba la mtu hawalimi kimyakimya. Ngoma inatangulia, mstari wa majembe unafuata, na nyimbo mpaka jua lichome. Nikasema waimbaji hawa hapa, na mpiga ngoma ni mdogo wangu, nikimwambia anyamaze atanyamaza. Mvua za kwanza ziliponyesha tukapanda bodaboda, mimi na binti na simu yake.

"Dada, nisipige? Wewe umezaliwa kijiji gani?" mdogo wangu akashangaa, na shamba zima likacheka.

"Weka ngoma chini."

Akaiweka. Wakaanza. Sijui nilifikiri nini, mimi niliyelima kwenye mistari hiyohiyo nikiwa msichana. Kabla hata hawajafika mbali majembe yalitawanyika, hili juu lile chini, na mama mmoja nusura akatwe kidole cha mguu. Akamgeukia jirani yake: "We, unalima shamba au unanilima mimi?" Wimbo ukafa hapohapo.

"Umeona?" mdogo wangu akasema. "Majembe hayana akili. Akili yao hii hapa." Akaipapasa ngoma yake.

Nilikuwa nimeshaanza kumtafuta bodaboda kwa macho. Binti ndiye aliyesema, "Babu, piga hewa."

"Nini?"

"Simama mbele yao upige bila ngoma. Wakuangalie mikono."

Aliona anatukanwa. Mtu mzima apunge vijiti hewani kama anafukuza inzi! Lakini mjukuu wangu, mke mwenzangu huyu kwa utani, akampigia magoti palepale kwenye matope, basi akasimama. Walimcheka mpaka wengine wakakaa chini. Walipomaliza kucheka wakamtazama mikono, majembe yakashuka pamoja, na sauti zikapanda. Simu ikanasa kila kitu.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Wale watu wa kwenye simu wakipamba moto wanakwenda mbio, wakichoka wanajivuta.

"Bibi, wanakimbia!" Akatupa vijiti.

"Ni watu hao, si mashine. Okota."

Akaokota. Jioni baada ya jioni akawa anainamisha kichwa na kusikiliza, mpaka nikaona hashtuki tena. Wakijivuta, anawangoja.

Siku ya kujaribiwa nilikaa benchi la nyuma. Mwalimu alipiga kinanda, kisha katikati ya wimbo akaondoa mikono makusudi. Kwaya ikayumba, waimbaji wa sauti ya kwanza wakaanza kukimbia. Binti hakuwakimbiza wala hakusimama. Alipiga kwa utulivu, akiwavuta kidogokidogo, mpaka wakarudi wote. Mwalimu hakugusa tena kinanda hadi wimbo ukaisha.

"Alhamisi mazoezi saa kumi," akasema. "Usichelewe."

Nikauliza kutoka nyuma, kwa sauti, "Kapata au hajapata? Sema nisikie."

"Kapata, mama," akasema huku akicheka.

Wanakwaya wakaanza kukusanya vitabu vyao. Binti alikuwa bado kakaa palepale, vijiti mkononi, anawauliza kama wanaweza kurudia ubeti wa mwisho.