Sindano ya Mayu Kabula na Nywele Zangu Nyeusi

Nina stashahada ya afya ya jamii, nyumba ya bati la rangi Bariadi mjini, na nywele nyeusi tii kwa hisani ya dawa ya dukani. Migato, kijiji nilikozaliwa, niliondoka bila viatu. Kwa hiyo zahanati ya pale ilipotafuta mtu wa kuwashawishi wazee wachanjwe dhidi ya nimonia, nani mwingine angefaa?

Asubuhi nikapaka dawa yangu ya nywele, nikaenda kuhubiri.

"Nimonia inawamaliza wazee! Mapafu yenu yamechoka!"

"Na wewe umechanja?" akauliza Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma chetu, ambaye mume wake alikufa kwa ugonjwa huohuo masika yaliyopita.

"Mayu, mimi bado kijana. Ndiyo kwanza nina hamsini."

Ukweli ni kwamba naogopa sindano kuliko fisi.

Mayu akainuka, akapandisha mkono wa gauni, akachomwa bila kupepesa jicho. Mwili mwembamba vile, ujasiri wote huo ulikaa wapi? Kisha akaja kunishika kiganja.

"Masanja, tulichunga ndama pamoja. Meno yetu ya mbele yaling'oka msimu mmoja. Mimi nina miaka sitini na nane. Wewe ya kwako uliiacha wapi?"

Wazee wakaangua kicheko. Nesi akainua kalamu.

"Niandike mingapi, baba?"

"Sitini na nane," nikasema, nikikunja shati.

Jasho likanishuka mashavuni, jeusi kama wino, mbele ya foleni nzima.