Feti ya Baba Mdogo

Nilikuwa mtoto chini ya kitanda, nimeshika mkono wa dada yangu, na mkono ule ulikuwa unapoa.

Juzi hapa Louisville, binti yangu alinipeleka mtoni kuangalia fataki za majira ya kuchipua. Baruti ikanuka, nikachuchumaa nikaziba masikio. "Mama, usiogope. Ni feti tu, sherehe."

Siku ile dada alipouawa, milio ya bunduki ilianzia upande wa soko. Tulitaka kukimbia, baba mdogo akatucheka: "Wajinga ninyi, ni feti ya harusi. Mukae, mukule bugali." Tukakaa. Yeye akabeba redio na viatu vyake vya kanisa, akapitia mlango wa nyuma.

Sasa ni shemasi kule Columbus, anaombea watu. Asimame mbele ya kanisa, anijibu: kama ilikuwa feti, mbona yeye hakubaki?