Kifurushi Kisicho na Kikomo, Kutoka Tlawi Hadi Basotu

Ndugu zangu wa Morogoro, mliniuliza kwa nini likizo fupi sikuja nyumbani. Sikuja kwa sababu ya uso wa mzee mmoja. Hapa Tlawi, wilayani Mbulu, ninakofundisha hesabu, nimepanga chumba kwa Bibi Magdalena, mama wa Kiiraqw ambaye magoti yamemkatalia safari kwa miaka mingi sasa. Kaka yake, Babu Akonaay, alihamia Basotu, wilaya ya Hanang, tangu ujana wake. Kila Jumapili walikuwa wanaongea kwa kitochi, simu ndogo ya vitufe. Bibi anauliza, "Mzima?" Babu anajibu, "Mzima kabisa." Mwezi ule wa likizo Bibi akakataa jibu hilo.

"Sauti yake ni ile ile," aliniambia huku anachambua maharage. "Lakini mtu anayesema mzima mara tatu kabla hujamwuliza, huyo si mzima. Mimi nataka kumwona uso, Mwalimu. Nikimwona uso hawezi kunidanganya."

Kwa Babu hakuna simu kubwa ya kupiga video. Mimi ninayo, na wiki ile ile nilikuwa nimenunua mjini Mbulu kifurushi cha intaneti cha mwezi mzima. Bango lilisema BILA KIKOMO kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Pembeni palikuwa na kinyota, na chini kabisa mstari wa herufi ndogo ambao sikuusoma. Mimi huyu, ninayewanyima wanafunzi alama kwa kutosoma swali mpaka mwisho!

Tukapanga. Jumapili saa nane mchana, baada ya ibada, mwalimu mwenzangu Neema angekaa na Bibi na simu yake kubwa. Mimi ningekuwa Basotu mbele ya Babu na yangu. Bibi angeuona uso wa kaka yake, basi. Nani angeweza kushindwa na jambo dogo namna hiyo?

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Tlawi. Jamani, baridi ya huku si ya kuhadithiwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba hadi ng'ombe walionekana migongo tu. Bibi alinifunga kitenge cha pili kama mtoto anayepelekwa kliniki, akanipa sukari na sabuni za kupeleka, maana huku mgeni haingii nyumba ya watu mikono mitupu. "Kwanza upitie Nambis kwa binti yangu," akasema. "Ukimpita atanuna mpaka Krismasi."

Saa tatu nilikuwa Nambis kwa Mama Elia, binti wa Bibi. Nyumba yake iko juu ya mteremko, na mbele yake mashamba yanashuka matuta kwa matuta hadi bondeni, mengine ya mahindi, mengine ya ngano, kila tuta limechorwa kwa jembe la mkono. Nilisimama pale nikasahau hata kusalimia. Mama Elia akacheka. "Mwalimu, utatuhesabia matuta au utakunywa chai?"

Aibu ikanipata, maana sabuni na sukari zote zilikuwa za Basotu. Kwa huyu sikuwa na kitu. Ndipo nikapata wazo ambalo niliona ni la kifalme. Nikawasha hotispoti. "Zawadi yangu ni intaneti," nikatangaza. "Tumieni, haina kikomo!" Mama Elia akaita kwaya nzima ya kina mama iliyokuwa inafanya mazoezi kwa jirani. Simu kubwa zilikuwa tano. Wakapakua nyimbo, wakapakua mahubiri, wakamtazama mtoto wa shangazi yao akiolewa Arusha, sherehe yote toka kuingia ukumbini hadi keki. Walinishukuru kwa kunipigia vigelegele, na mimi nikavimba kichwa, siwafichi.

Saa sita mchana nilikuwa Haydom nikisubiri gari la kwenda Basotu. Gari halikuwa na haraka. Nikaingia mgahawani, nikaagiza makande, na mwenye mgahawa akaniongezea maziwa ya mgando bila kuyaomba. Sasa nifanyeje, nile bure nikae kimya? Nikawasha tena. Meza nne zikapata intaneti. Fundi cherehani wa baraza ya jirani alihamishia kiti chake ndani. Mteja mmoja, nesi kutoka Kigoma, aliniuliza, "Dada, una uhakika hiyo kitu haina mwisho?" Nikamwambia, "Kaka, mimi ni mwalimu wa hesabu." Akawasha simu yake. Alipaswa kunicheka.

Saa kumi kasorobo tulianza kushuka kwenye nchi tambarare, na hapo nisaidieni kusema. Nimekulia chini ya milima ya Uluguru, nikadhani mlima naujua. Hanang ni kitu kingine. Umesimama peke yake juu ya uwanda, hauna ndugu wala jirani, wingu limekaa begani. Chini yake mashamba ya ngano hayana mwisho wa kuonekana. Upepo ukipita, shamba zima linainama na kuinuka. Nikajikuta nasema "Subhanallah" kwa sauti, na mama Mkristo niliyekaa naye akaitikia "Amina" bila kugeuka.

Saa kumi na moja jioni niliingia Basotu. Paulina, mjukuu wa Babu anayekaa naye, alikuja kunipokea kituoni. Ni mama wa makamo, mkulima, mtu wa maneno machache. Alinipitisha kando ya ziwa kwanza. Viboko walikuwa majini, masikio tu nje, na ndege aina ya mwari wametanda kama nguo zilizoanikwa. Nikashindwa kujizuia. Nikawapigia simu ya video ninyi nyote, mnakumbuka? Mama alipiga kelele kiboko alipopiga mwayo. Nusu saa nzima. Sikuwaza lolote.

Nyumbani nikamkuta Babu amekaa mlangoni ndani ya koti kubwa la baridi, kola imesimamishwa, na kofia ya sufu, ingawa Basotu ni joto ukilinganisha na kwetu juu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Wewe ndiye macho ya dada yangu?"

"Ndiyo mimi."

"Karibu. Utamwambia mimi ni mzima kabisa." Alisema hivyo mara tatu kabla sijakaa. Nikamkumbuka Bibi.

Jumapili saa nane kamili mchana tulikuwa tayari. Babu amekaa kwenye kigoda, koti lake juu, mimi nimepiga magoti mbele yake. Nikapiga. Kimduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Simu ya Neema ikapokea, picha ikaja kidogo, ikaganda. Nikakata, nikapiga tena. Kikazunguka hadi nikaona kizunguzungu mimi. Kitochi cha Paulina kikalia. Ni Bibi.

"Mwalimu, nimeona kofia na sikio moja. Masikio yanafanana. Nionyeshe uso."

Ndipo nikaona ujumbe uliokuwa umeingia tangu asubuhi: nimefikia kiwango cha kasi ya juu, kasi yangu imepunguzwa. Damu ikanipanda. Nikawapigia huduma kwa wateja mbele ya Babu.

"Kifurushi chako hakijaisha, dada," binti wa upande wa pili akaniambia kwa sauti ya upole wa kukera. "Unaweza kuendelea kuperuzi bila kikomo."

"Kuperuzi nini? Hata picha moja haipiti!"

"Kasi ndiyo imepungua, dada. Masharti yapo kwenye bango, chini."

"Basi niuzie kingine, hiki hiki kidogo cha siku moja."

"Kingine kitaanza hiki kikiisha."

"Na hiki kitaisha lini, ikiwa hakina kikomo?"

Nikasikia akibonyeza vitufe. "Mwezi wako ukitimia, dada. Una swali lingine?"

Nilitaka kuitupa simu ziwani, wallahi. Nikakumbuka kina mama wa Nambis na ile harusi ya Arusha, na fundi cherehani, na kiboko na mwayo wake. Niligawa uso wa Babu Akonaay njia nzima. Paulina akatoka kutafuta simu nyingine. Akarudi na jibu kwamba jirani mwenye simu kubwa yuko na mashine mashambani mpaka Jumatano, na laini za mitandao mingine hazishiki hadi upande kilimani. Likizo ilikuwa inaisha, Jumanne natakiwa darasani. Na Babu, nilipomtazama anavyojishika ukutani ili asimame, nikajua kilima hapandi.

Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia. Mwanamke mzima, na digrii yangu.

Babu akaniacha nilie kidogo. Kisha akauliza, "Hiyo simu haiwezi kunipiga picha ya kutembea, ukaibeba mwenyewe, bila hayo mambo ya hewani?"

Nikamwangalia. Inaweza, bila shaka inaweza! Ninarekodi wanafunzi kila wiki na halikunijia kichwani. Nilivyozoea kila kitu kipite hewani, nilisahau kwamba simu ina mfuko wake wa kubebea.

Mchana huo saa tisa nilianza kurekodi. Babu alisimama uani, amejishikia fimbo, akageukia upande wa Mbulu. Akavua kofia. Akavua koti. Akampa Paulina. Chini ya koti shati lilikuwa limemwangukia kama limetundikwa msumarini, na mashavu hayakuwepo.

"Aone," akasema. "Nimechoka kumdanganya."

Halafu akaanza slufay, ile dua ya baraka ya Wairaqw, kwa Kiiraqw ambacho mimi nakijua cha salamu tu. Sauti ilianza ndogo ikakua, ikatoka kwenye kile kifua nisijue inatoka wapi. Alisema mstari mmoja, akanyamaza. Mstari wa pili, akanyamaza. Nikadhani amesahau. Nikadhani pumzi imekata. Kwenye kimya cha sita au cha saba mkono ulikuwa unaniuma, nikasogeza kidole nizime, na Paulina akanishika kifundo kwa nguvu.

"Usizime, Mwalimu."

"Amechoka."

"Hajachoka," akanong'ona. Midomo yake aliikaza, machozi yanashuka, na hakusema neno lingine mpaka Babu alipomaliza.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Basotu. Hanang ulikuwa wazi safari hii, hauna wingu hata moja, jua linaupanda taratibu. Sikumpigia mtu yeyote video. Nilizima simu kabisa, nikaifunga kwenye kitenge, nikaipakata. Haydom mwenye mgahawa aliniuliza habari za intaneti. Nikamwambia imekufa, nikalipia maziwa yangu. Nambis sikushuka, na Mama Elia amenuna kweli.

Saa kumi jioni nilifika Tlawi. Bibi alikuwa amekaa uani, hajabandika hata chungu. Nikapiga magoti, nikawasha, nikamshikia.

Alipomwona anavua koti, alijishika mdomo. "Amekonda," akasema. "Amekonda, amekonda, mwongo huyu." Akalia bila kujificha. Nami nikalia tena, nimekuwa mtu wa kulia wiki hiyo.

Kisha Babu akasema mstari wa kwanza, akanyamaza. Na Bibi akaitikia.

Mstari wa pili, kimya, Bibi akaitikia. Sauti yake iliingia kwenye kile kimya ikakijaza chote, na Babu akaendelea pale pale alipoishia Bibi, hakumwahi wala hakuchelewa. Slufay haisemwi peke yake, aliniambia Bibi baadaye. Mmoja anasema, wengine wanaitikia, na isipoitikiwa haijasemwa. Babu Akonaay alisimama uani kwake, mgonjwa, bila koti, akamngoja dada yake mstari kwa mstari. Ndiyo maana Paulina alikaza midomo. Zamu haikuwa yake. Na mimi, mjinga wa mahesabu, nilitaka kuzima.

Mnajua mimi si mtu wa kukubali upesi kwamba kuna nisichokijua. Jioni ile nilikubali. Nimejifunza kusoma herufi ndogo, hilo mtasema ni la mtoto, na kweli ni la mtoto. La pili sijui nilisemeje. Nilifikiri mimi ndiye ninayewakutanisha wale wazee. Walikuwa wanajua kukutana kabla sijazaliwa, na walichohitaji kwangu ni mtu wa kubeba tu.

Ilipokwisha, Bibi alifuta uso kwa kitenge, akachukua kitochi chake, akapiga. Babu akapokea mlio wa kwanza.

"Nimekuona," Bibi akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Nimeitikia yote."

"Yote?"

"Yote. Sasa nisikilize. Kesho asubuhi Paulina anakupeleka hospitali. Usiniambie mzima. Nimekuona."

Bibi akangoja, kitochi sikioni, macho yamefumbwa.

"Nitakwenda," akasema Babu.

Na Bibi akaitikia kwa sauti ile ile ya slufay.